Ubao Uliojaa

Mzee Paul Macharia alikuwa amelala kifudifudi kando ya kiti chake, mkono mmoja chini ya tumbo, kofia ya sufu bado kichwani. Gunia la mahindi lilikuwa limemfunika mgongo. Damu ilikuwa imekauka juu ya saruji ikawa nyeusi kama grisi, na kwa kuwa sakafu hiyo ilikuwa na grisi ya miaka themanini, ilimchukua Inspekta Nangila muda kutambua ipi ni ipi.

"Nani alimfunika?"

"Mama Jebet, jirani," Sajenti Kipkoech alijibu. "Ndiye alimpata, saa moja asubuhi. Anasema alikuwa baridi."

"Maiti?"

"Ndiyo, Madam. Kwa hivyo akamfunika."

Kipkoech alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu na hakuona kitu cha kushangaza katika hilo. Nangila hakumcheka. Aliinama akaliondoa gunia taratibu.

Karakana hiyo ndiyo jengo pekee la kazi lililobaki na paa katika Kambi Ndege, uwanja wa zamani wa jeshi kaskazini ya Eldoret, nje kidogo ya barabara iendayo mji mdogo wa Ziwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kizungu waliletwa hapa kufunzwa kurusha ndege. Wenyeji, pamoja na watu waliotoka mbali, waliajiriwa kukata nyasi, kusukuma ndege, kuosha injini na kufua nguo. Vita vilipoisha Wazungu waliondoka na ndege zao. Wafanyakazi hawakuambiwa waende wapi, basi wakabaki katika nyumba za mawe walizoziita Laini. Nyumba zilikuwa sitini. Mpaka jana moshi ulitoka katika tatu tu. Leo ulitoka katika mbili.

Daktari wa polisi alimaliza kazi yake haraka.

"Pigo moja, kutoka nyuma," alisema akivua glavu. "Chuma kizito, chembamba. Fuvu limepasuka. Alikufa jana kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku."

"Alipigana?"

"Hata hakugeuka."

Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni. Redio ilikuwa mezani. Katika nyumba yake, hatua hamsini kutoka pale, kitanda kilikuwa kimetandikwa na sanduku la nguo limefungwa kando ya mlango. Hakuna kilichopekuliwa.

Nje, wakulima walikuwa wameanika mahindi juu ya njia ya kurukia ndege, kwa sababu saruji ile hukausha upesi kuliko turubai. Walisimama mbali, mikono mifukoni. Aliyekuwa karibu alikuwa mzee mmoja mrefu, koti limemzidi mabega. Huyo alikuwa Mzee Wakoli, mkazi wa nyumba ya tatu.

"Pole, Mzee," Nangila alimwambia. "Jana ulimwona?"

"Sikutoka. Goti hili linanisumbua. Nililala tangu mchana."

"Hukufika karakana kabisa?"

"Kabisa, mwanangu."

Konstebo akaandika hivyo, Mzee Wakoli akatia sahihi kwa herufi kubwa, moja moja.

Kufikia saa tano mshukiwa alikuwa amepatikana. Mkulima mmoja alisikia ugomvi karakana jana, Jumatatu, alasiri: Antony, mnunuzi wa vyuma kuukuu kutoka mtaa wa Langas, alimwambia Mzee Macharia kwamba atakufa na vyuma vyake. Nyuma ya nyumba ya Antony polisi walikuta mabati mawili ya alumini yaliyong'olewa ukutani mwa karakana.

"Ulikuwa Kambi Ndege jana?" Nangila alimwuliza kituoni.

"Nilipita."

"Ulipita ama uliingia?"

"Niliingia. Saa tisa hivi."

"Ukamwambia mzee atakufa."

"Huyo mzee alikuwa anagombana na kila mtu anaulizia chuma. Mimi mdomo wangu hauna breki, Madam. Hata mke wangu atakwambia."

"Na mabati?"

Antony alitazama meza. "Hayo niliiba."

"Unakubali wizi?"

"Nakubali. Niandikie wizi, niandikie mara mbili ukitaka. Lakini mzee nilimwacha mzima, ananitusi kwa Kikuyu."

"Saa kumi na mbili jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Mke wangu Waiyego alikuwa sokoni. Watu wote wa Langas, na siku moja nataka kuonekana, hakuna mtu."

Mkuu wa kituo alisoma faili akiwa amesimama.

"Kesho saa tatu anafikishwa mahakamani," alisema. "Mauaji."

"Ushahidi ni mwembamba, afande. Silaha hatuna."

"Basi una mpaka kesho uunenepeshe."

Kwenye benchi la mapokezi aliketi Waiyego, mke wa Antony, mtoto mgongoni. Aliinuka Nangila alipopita.

"Madam, mauaji ni miaka mingapi?"

"Bado hajashtakiwa."

"Najua. Nauliza nijue nitamwambia nini mama yake."

Nangila alikuwa na miezi kumi na minne Eldoret, chumba kimoja mtaani Kapsoya, na majirani walionyamaza kila alipopanda ngazi wakiona sare. Hakuna aliyewahi kumngoja yeye benchini. Alichukua funguo za gari akamwita Kipkoech.

Saa nane mchana karakana ilikuwa tupu. Upepo uliingia pale mabati yalipong'olewa. Nangila aliketi kwenye kiti cha marehemu akatazama kile mzee alichokuwa akikitazama kila siku.

Mbele yake kulikuwa na ubao mweusi, upana wa milango miwili, umejaa misumari na vyombo vya kazi. Spana, nyundo, koleo, bisibisi, tupa. Kila msumari ulikuwa na chombo chake. Mashine ya kupukuchua mahindi ilikuwa imefanya kazi nje tangu Jumamosi, na vumbi lake jeupe lilikuwa limetua juu ya kila kitu.

Isipokuwa viwili. Nyundo moja na, juu kabisa, spana kubwa nyembamba yenye urefu wa mkono wa mtu mzima, vilimeremeta kwa mafuta mapya.

"Sajenti, lete kisanduku cha vipimo."

Alisugua pamba kwenye mkunjo wa taya za spana, mahali kitambaa kisipofika, akadondosha kemikali. Pamba ikageuka waridi.

"Damu," Kipkoech alisema. "Muuaji msafi."

"Kuna bwawa hatua mia kutoka hapa. Kuna mahindi kila upande. Mbona hakuitupa?"

"Aliogopa kuonekana nayo."

"Angeipangusa aiache chini. Huyu aliipaka mafuta, akaitundika. Nani anapaka silaha mafuta?"

"Askari."

"Au fundi."

Nangila alivaa glavu, akaondoa vyombo vinne ubaoni, akavichanganya.

"Rudisha."

Kipkoech alisogea karibu. Zamani umbo la kila chombo lilikuwa limechorwa kwa rangi nyeupe nyuma ya msumari wake, lakini moshi na miaka vilikuwa vimeufuta mchoro. Alijaribu. Nangila alilinganisha na picha iliyopigwa asubuhi.

"Umekosea vitatu."

"Na mimi si mjinga, Madam."

"Ndiyo maana nimekutumia wewe. Sasa fikiria Antony, ana haraka, ameua mtu, giza linaingia. Misumari zaidi ya hamsini."

Kipkoech alikuna shingo. "Kwa hivyo tulikamata mwizi."

"Tulikamata mwizi."

Mama Jebet alikuwa ameketi kwenye jua mbele ya nyumba yake, akipukuchua mahindi kwa mkono. Alikuwa na miaka themanini na minne na alivaa sweta mbili. Aliwaelekeza kwa kidole wakae juu ya debe na kigoda.

"Mama, ule ubao wa karakana, nani anaujua kwa kichwa?" Nangila aliuliza.

"Bodi? Sisi watoto wa Laini. Tulifunzwa bodi kabla ya kufunzwa kusali."

"Mbona?"

"Ndege ilianguka kule nyuma ya bwawa. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, niliambiwa na mama. Vijana wawili walikufa, hata ndevu hawakuwa nazo. Walipofungua injini, wakapata bisibisi. Fundi alikuwa ameisahau ndani." Alitupa kigunzi kwenye karai. "Kutoka siku hiyo kila mfanyakazi alipewa kisahani cha shaba kiko na namba. Ukichukua chombo, unatundika kisahani chako mahali pake. Ukirudisha, unapangusa, unapaka mafuta, unaweka msumarini. Hapo ndiyo unachukua kisahani. Na hakuna ndege inaruka mpaka bodi ijae."

"Na siku hizi hakuna ndege."

"Hakuna. Lakini Macharia alitengeneza plau za watu na vyombo vya baba zetu, na ukitaka kuazima, lazima uache namba. Hata mimi. Aliniazima nyundo wiki jana, akaninyoshea mkono kama hanijui."

"Nani wamebaki na visahani?"

"Mimi kumi na tisa, namba ya baba. Macharia kumi na nne. Wakoli ishirini na mbili. Hao wengine tuliwazika navyo."

"Jana jioni uliingia karakana?"

"Niliingia kurudisha hiyo nyundo. Ng'ombe walikuwa wanatoka kukamuliwa, kwa hivyo ni saa kumi na mbili. Macharia alikuwa kwa kiti chake. Aliangalia kama nimepaka mafuta."

"Na bodi ilikuwa imejaa?"

Mikono ya Mama Jebet ilisimama. Kigunzi nusu kilibaki katikati ya vidole vyake.

"Unajua unaniuliza nini, msichana?"

"Najua, Mama."

"Hujui. Hapa Laini tumebaki wawili. Nikikujibu, kesho asubuhi nitasalimia nani?"

Trekta lilinguruma mbali, kisha likazimwa. Kipkoech alisema kitu kifupi kwa Kinandi, kwa sauti ya chini.

"Kuna mtu yuko seli," Nangila alisema. "Kesho saa tatu anashtakiwa kwa kuua. Hakuua. Mke wake ameketi kwenye benchi tangu mchana na mtoto."

Mama Jebet alimaliza kupukuchua kile kigunzi, punje baada ya punje, mpaka kikawa kitupu.

"Haikuwa imejaa," alisema. "Mahali pa spana kubwa palikuwa na ishirini na mbili."

"Na leo asubuhi, ulipomkuta Macharia?"

"Ilikuwa imejaa. Niliona bodi kabla nimwone yeye. Nikasema, vizuri, Wakoli amerudisha."

Mzee Wakoli alikuwa na mlango wazi. Mezani kulikuwa na birika na vikombe viwili, kimoja kikavu. Hakuuliza wamefuata nini.

"Mzee, asubuhi uliniambia hukutoka jana," Nangila alisema.

"Nilikwambia."

"Spana kubwa ulichukua lini?"

"Spana?"

"Namba yako ilikuwa kwenye bodi saa kumi na mbili jioni. Leo asubuhi haikuwepo."

"Jebet," alisema, bila hasira. "Macho yake bado ni mazuri."

"Kisahani kiko wapi?"

Alifungua kifungo cha shati, akavuta uzi shingoni, akaweka mezani kipande cha shaba kilichochakaa kingo. Nangila alikitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Kwa nini uliirudisha, Mzee? Bwawa liko pale."

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Ningeiacha wapi? Ilikuwa saa ya kufunga."

Kipkoech aligeukia dirisha. Nangila aliinua kiganja.

"Usiendelee, Mzee. Mimi ndiye mpelelezi wa kesi hii, sheria hainiruhusu kupokea ungamo lako. Kama unataka kusema, utasema kituoni mbele ya Inspekta Mkuu. Hulazimishwi. Na ukisema, una haki ya kuwa na mtu wako ameketi kando yako."

"Mtu wangu?"

"Yeyote unayemwamini."

Aligusa kile kikombe kikavu.

"Alikuwa Macharia," alisema.

Aliyekuja ni Mama Jebet. Hakuna aliyemwomba. Alifunga mlango wa nyumba yake, akaenda moja kwa moja kwenye gari la polisi, akasema atakaa kiti cha nyuma naye. Njia nzima mpaka mjini, kila gari liliporuka tuta, alimshika Wakoli mkono, na barabara ile ina matuta mengi.

Saa kumi na moja jioni Inspekta Mkuu Wangari aliwasha kinasa sauti. Nangila alisimama ukumbini, nje ya chumba. Mlango haukuwa unafungika vizuri. Alisikia kila neno.

"Hujalazimishwa na mtu yeyote kuja hapa?" Wangari aliuliza.

"Hapana."

"Hujaahidiwa kitu?"

"Kitu gani?"

"Haya. Jumatatu jioni ilikuwaje?"

"Nilienda kurudisha spana. Nilikuwa nimeichukua asubuhi kufungua bomba la bwawa. Jebet alikuwa ametoka tu, nilimwona mgongo. Macharia akaniambia binti yake anakuja Jumamosi."

"Binti yake nani?"

"Wamucii. Anakaa Thika. Anakuja kumchukua akaishi naye. Nyumba iko na maji ya moto, alisema. Na bodi inaenda kwa watu wa makumbusho, wameshakubali. Aliniambia tu hivyo, anatafuta stesheni kwa redio."

"Ulikasirika."

"Sikukasirika. Nilimuuliza, na mimi?"

Kinasa sauti kilitoa mlio mdogo. Wangari alikisogeza karibu na mzee.

"Akasema, wewe utazoea."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu." Sauti ya mzee ilishuka. "Tulizaliwa nyumba mbili kando. Yeye ndiye alinifunza kusoma saa. Wakati wa fujo za uchaguzi nilimficha kwa ghala yangu siku tisa, na kama wangempata wangetuua sote wawili. Mke wangu alipokufa, alikuja kukaa kwangu kila jioni. Hakuwa anasema kitu. Anakaa tu. Watoto wangu wananipigia simu Krismasi. Mimi siongei na mtu, Madam. Naongea na Macharia. Sasa anazoea nini, mtu kama mimi? Alinigeuzia mgongo kutafuta hiyo stesheni, na mimi nilikuwa nimeshika spana."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Mara moja. Halafu nilikaa chini nikamngoja."

"Ulimngoja nani?"

"Yeye. Nilifikiri ataamka anitusi."

Nangila alisikia Mama Jebet akipenga kamasi.

"Giza likaanza kuingia," Wakoli aliendelea. "Nikapangusa, nikapaka mafuta, nikatundika. Nikatoa namba yangu. Nikaenda nyumbani nikapika chai."

"Ulijua kuna mtu mwingine amekamatwa?"

"Watu wa mahindi walisema."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka nimzike kwanza. Jebet hawezi kuchimba, na huyo binti hajui mahali baba yake anataka kulala. Mimi najua. Nilikuwa nije baada ya mazishi. Mnaweza kukataa kuniamini."

Wangari alimsomea maneno yake yote tangu mwanzo, na mzee akatia sahihi kwa herufi kubwa, moja moja. Mama Jebet aliweka kidole gumba chini yake.

Mkuu wa kituo alitia saini pia, kwenye karatasi nyingine. Shtaka la mauaji dhidi ya Antony lilifutwa kabla ya kuandikwa. La wizi lilibaki, na dhamana ya polisi ilipatikana kwa sababu Waiyego alikuwa ameshampigia kila mtu aliyemjua. Antony alitoka seli akiwa ameshika viatu mkononi. Alisimama mbele ya Nangila, akatafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ulifunga breki. Mkewe akamvuta mkono wakaondoka.

Kipkoech alileta gari kumrudisha Mama Jebet.

"Kuna mtu wa kukaa na wewe leo, Kogo?" alimuuliza, akimwita nyanya kwa Kinandi. "Mke wangu anaweza kuja."

"Nina ng'ombe," alijibu. Alimsogelea Wakoli, akamfunga kifungo cha shati kilichobaki wazi tangu mchana, akatoka bila kuaga. Nangila alimtazama akipanda kiti cha mbele, mdogo sana nyuma ya kioo, mpaka gari likachukua barabara ya Ziwa.

Sasa walibaki wawili kwenye benchi, Nangila na mzee, wakisubiri askari wa zamu amalize kuandika jina kwenye kitabu. Kwa kazi yake alipaswa kusimama. Aliketi.

"Huyo kijana wa vyuma ameenda?" Mzee Wakoli aliuliza.

"Ameenda."

"Kule ndani mko na watu wangapi?"

"Walikuwa kumi na mmoja. Yeye ametoka, wamebaki kumi."

"Nikiingia tunarudi kumi na mmoja."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee aliweka viganja juu ya magoti.

"Wanaongea?"

"Wanaongea mno. Askari wa zamu wanalalamika kila siku."

Mzee Wakoli alisimama kabla ya kuitwa.